Ugonjwa Usioanguka Mbele ya Kamera

Mama mkwe wangu hajawahi kutazama kipindi cha afya mpaka kikaisha. Daktari wa koti jeupe, meza yenye maua ya plastiki, mtangazaji anayeitikia kila neno kwa kichwa: hapo hapo mama anaomba rimoti. Lakini mwulize habari za figo. Atakueleza nani anaweza kumtolea nani, kwa nini damu za ndugu zinalinganishwa kwanza, na kwa nini mwili unaweza kuikataa figo ya mtu mwingine hata kama upasuaji ulikwenda vizuri. Yote hayo ameyapata kwenye novela moja ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kifaransa, ambamo tajiri fulani aligundua kuwa mtoto si wake siku aliyokwenda kupimwa ili amtolee figo. Hapa Goma, mashariki ya Kongo, hatupandikizi figo. Maarifa hayo mama hana pa kuyapeleka, lakini miaka imepita na hayajamtoka.

Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya upande wa Ndosho, magharibi ya mji, njia ya kwenda Sake. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusikiliza watu wanaeleza wanachoumwa, na baada ya muda unaanza kutambua maneno yametoka wapi. Mengine yametoka kwa jirani, mengine kanisani, mengine kwenye simu. Yanayotoka kwenye tele yana alama yake: hayaji kama maelezo, yanakuja kama picha. Mtu hakwambii "nilisikia kwamba". Anashika kifua, anafumba macho, anakuonyesha mwenyewe jinsi mgonjwa wa ugonjwa huo anavyokuwa.

Nimefikia kuamini kwamba hapo ndipo elimu ya afya ya televisheni ilipo. Watu hawachukui maneno, wanachukua sura. Ugonjwa wenye sura wanaufahamu, pengine kuliko unavyostahili, na usio na sura haupo.

Chukua presha, ambayo huku kwetu kila mtu anaiita tansio. Ndiyo mhusika mkuu wa novela zote, ziwe za Mexico, za Uhindi au za Uturuki. Mama wa bwana harusi anapewa barua. Anaisoma. Muziki unabadilika, mkono unakwenda kifuani, glasi inaanguka, na mama anafuata. Kinachofuata ni kitanda cheupe, dripu mkononi, na daktari anayesema kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa asipewe tena habari mbaya. Nimeiona hiyo mara nyingi mno kiasi kwamba nikisikia muziki tu najua glasi itaanguka upande gani.

Matokeo yake yanakuja kukaa mbele yangu. "Madame, miye siko na tansio. Kichwa hainiume hata." Mwingine: "Ile tansio iliisha. Ilikuwa ya ile wakati mtoto alipotea." Kwa watu hawa presha ni tukio. Inakuja na habari mbaya, inakuangusha, inapita, unarudi kwenye maisha yako. Kidonge ni cha siku ya habari mbaya. Siku nyingine zote dawa zinakaa kabatini, na ukimwambia mtu ameze kila asubuhi hadi mwisho wa maisha yake anakutazama kama unamtabiria misiba.

Na Goma habari mbaya hazikosi, kwa hiyo nadharia hiyo haikosi ushahidi. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na siku chache baadaye mji ukaambiwa uhame, watu waliingia njia ya Sake na magodoro kichwani. Waliporudi, foleni ya kupima presha ilikuwa ndefu. Wengi walikuwa nayo kweli. Walikuwa nayo hata kabla ya volkano, tena bila shaka miaka kadhaa kabla, ila hakuna aliyewapima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kama wanayo. Hawaumwi chochote. Mishipa inachoka polepole, figo zinachoka, moyo unatanuka, na kamera haina cha kupiga. Mtu anakwenda sokoni, anarudi, anapika, analala. Hiyo huwezi kuitengenezea sehemu ya novela. Siku ya kiharusi ndipo muziki unapobadilika, na kwa mtazamaji ugonjwa umeanza siku hiyo.

Kuna jambo jingine juu ya hizi novela ambalo mtu wa nje ya mji huu anaweza asilitambue. Zinasema Kifaransa, na nusu ya sebule haikisikii vizuri. Kwa hiyo katika kila nyumba kuna binti mmoja wa sekondari ambaye ndiye anayewapa wengine habari, na yeye hupunguza, huongeza chumvi, huruka asichokielewa. Nimekaa nyumbani kwa shangazi yangu huko Katindo nikamsikiliza binti yake akifanya kazi hiyo. Daktari kwenye tele alieleza uvimbe kwenye ubongo, aina yake, upasuaji na hatari zake, kwa zaidi ya dakika nzima. Binti akasema: "Kichwa yake imejaa maji. Atakufa." Shangazi akaitikia "Yesu!" na mambo yakaendelea. Kesho yake ungemuuliza shangazi juu ya uvimbe wa ubongo angekujibu kuhusu maji, kwa uhakika wote wa mtu aliyeona kwa macho yake.

Tamthilia za hospitali zenyewe, zile za Marekani, zina madhara ya aina yake. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa watafiti waliokaa na kutazama vipindi vitatu vya televisheni, ikiwemo ER, ambayo sisi wa Kifaransa tuliijua kwa jina la Urgences. Walikuwa wanahesabu kitu kimoja tu: kila mgonjwa aliyesimama moyo akakandamizwa kifua, na nini kilimpata. Walihesabu matukio 60. Robo tatu ya wagonjwa walizinduka pale pale, na asilimia 67 walionekana kuwa wangepona na kuondoka hospitalini. Katika hospitali za kweli, hata zile tajiri, wanaoondoka hai baada ya moyo kusimama ni wachache sana kuliko hao. Halafu wagonjwa wa kwenye tele wengi walikuwa vijana, watoto na watu waliopata ajali, ilhali mtu ambaye moyo wake unasimama kweli mara nyingi ni mzee aliyeugua moyo muda mrefu.

Na hapo sijataja ile mashine ya kushtua moyo kwa umeme. Kwenye filamu mstari ukinyooka tu, daktari anasugua vile vishikio viwili, anapaza sauti, mgonjwa anaruka kitandani. Mstari ulionyooka haushtuliwi. Umeme huo unasaidia moyo unaotetemeka ovyo, uachie, uanze upya kwa mpangilio. Moyo uliotulia kabisa unahitaji mikono kifuani na dawa. Ninalisema hili nikijua kwamba katika kituo chetu mashine yenyewe hatuna, wala sijui jirani wetu wa karibu aliye nayo, lakini familia zinaulizia. Mzee amefariki, tumejaribu tulivyoweza, na kijana wake ananishika mkono: "Ile ya courant, Madame, mumwekee ile ya courant." Siku hiyo ndipo unapojua kwamba mtu amekuja msibani akiwa tayari ameahidiwa kitu na watu wasiomjua.

Kujifungua nako sitakaa sana. Kwenye tele chupa inapasuka katikati ya harusi, na kabla ya matangazo mtoto amelia, mnene, msafi, wa miezi mitatu. Wasichana wa mimba ya kwanza wanafika kwetu asubuhi, saa nane mchana bado, jua likizama bado, na mama mzazi nje anaanza kuuliza nani amemfungia mwanawe. Uchungu wa mimba ya kwanza kuchukua saa kumi na mbili au zaidi ni jambo la kawaida. Hakuna aliyewahi kuwaonyesha hizo saa.

Wapo waliolijua hili la sura mapema sana na wakalitumia kwa makusudi. Miaka ya 1970 huko Mexico, Miguel Sabido alianza kutengeneza novela ambamo somo limefichwa ndani ya hadithi: Acompáñame, ya mwaka 1977, ilikuwa juu ya uzazi wa mpango, na hakuna daktari wa maua ya plastiki. Kuna mwanamke aliyechoka, kuna mume, kuna uamuzi unaochukua miezi. Mbinu hiyo ikasafiri. Kenya ilikuwa na Tushauriane mwaka 1987. Tanzania walipeleka wazo hilo redioni mwaka 1993 kwa Twende na Wakati, na wasomaji wangu wa upande ule wenye umri wangu hawahitaji kukumbushwa Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na mwanamke kila kituo. Kilichonivutia mimi ni jinsi walivyokipima. Dodoma iliachwa bila mchezo huo kwa miaka miwili, ikisikiliza vipindi vyake vingine, ili watafiti walinganishe na sehemu zilizousikia. Zilizousikia zilibadilika: watu zaidi walianza uzazi wa mpango, na wengi walisema wamepunguza wapenzi au wameanza kutumia kondomu. Mkwaju hakumfundisha mtu kwa kumwambia. Aliharibikiwa taratibu, jioni baada ya jioni, na watu walikuwa wanamsubiri.

Kwa wanaotazama Kifaransa, cha karibu zaidi na hicho ni C'est la vie, tamthilia ya Senegal iliyoanza 2015, inayozunguka kituo cha afya katika mtaa wa kubuni uitwao Ratanga. Wakunga wanagombana, dawa zinakosekana, wasichana wanakuja na siri zao. Nilipoiona mara ya kwanza niliguswa na kitu kidogo: benchi. Wagonjwa wamekaa kwenye benchi refu la mbao wakisubiri, kama letu. Katika miaka yangu yote ya kutazama madaktari wa tele sikuwa nimeona mtu akisubiri.

Lakini mfano mkubwa ninaoujua tulipewa na taarifa ya habari, bila mtunzi wa tamthilia. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na kwa karibu mwaka mzima Goma iliitazama kwa mbali: Mangina, Beni, Butembo. Ndoo za maji ya klorini mlangoni, kipima joto kwenye paji la uso, matangazo asubuhi na jioni. Ebola ni hatari. Ebola inaua. Tulichoonyeshwa ni watu waliovaa magauni ya plastiki, miwani, uso hauonekani, wamebeba jeneza. Basi watu wakachukua walichopewa. Kama inaua na haina dawa, mtu akufe nyumbani kwake, kwa nini nimpeleke kwa wale wasio na uso? Wengine walisema wazi kwamba ni biashara. Niliyasikia hayo kwenye foleni ya maji, kutoka kwa watu wenye akili zao timamu, na matangazo walikuwa wanayajua kwa moyo.

Tarehe 14 Julai 2019 ikathibitishwa kuwa imefika Goma, kwa mchungaji aliyekuja na basi kutoka Butembo. Mwisho wa mwezi ule akafuata mchimba dhahabu aliyetoka Ituri, naye akafariki, na watu wa nyumbani kwake wakaambukizwa. Halafu Agosti mambo mawili yakafuatana. Tarehe 12 watafiti, Profesa Jean-Jacques Muyembe akiwa miongoni mwao, walitangaza kuwa dawa mbili kati ya nne zilizokuwa zikijaribiwa zinaokoa watu, hasa wakiwahi. Kesho yake, mama mmoja na mtoto wake mdogo wakatoka kituo cha matibabu hapa hapa Goma, wamepona. Tele zikaonyesha. Mama anatembea kwa miguu yake, mtoto amebebwa, watu wanawagusa kwa mikono mitupu.

Taarifa ya dawa ilikuwa kubwa zaidi kwa kila kipimo, na sikumsikia mtu hata mmoja akiizungumza sokoni. Walimzungumza mtoto. "Ulimuona? Alikuwa ananyonya biskuti." Sina hakika alikuwa na biskuti. Ila kuanzia wiki ile, niliyekuwa nikimwambia aende kupimwa alikuwa ananisikiliza kwa uso mwingine. Goma ilibaki na wagonjwa wanne tu hadi mlipuko ulipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua zaidi ya watu 2,200 katika maeneo mengine. Chanjo, ufuatiliaji wa waliogusana na wagonjwa na vizuizi vya barabarani ndivyo vilivyofanya kazi hiyo, sitaki nimpe kamera sifa isiyo yake. Nasema tu kwamba aliyefungua mlango ili wachanjaji waingie, mara nyingi alikuwa amemuona yule mama.

Wauza dawa za miti wanalijua hili kuliko sisi wenye vyeti. Washa chaneli yoyote ndogo baada ya saa tatu usiku. Mzee amekaa nyuma ya safu ya vidumu vya njano, na kidumu kimoja kinatibu bawasiri, ngiri, sukari, vidonda vya tumbo, utasa na nguvu za kiume. Lakini bidhaa yao kubwa ni karuho. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa nimweleze: karuho ni sumu ambayo huku Kivu mtu anaamini amewekewa kwenye bia au chakula na mwenye wivu, ikae tumboni imle polepole. Anayekonda, mwenye ini lililovimba, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye kifua kikuu, wote ni karuho. Na hao wazee hawaelezi, wanaonyesha. Kijana anakunywa, beseni linaletwa, anatapika mbele ya kamera, na mzee anatia kijiti anatoa kitu cheusi: "Mumeona?" Tumeona. Mimi nina nini cha kuonyesha? Karatasi ya maabara yenye namba za ini. Nimewahi kumpoteza mgonjwa wa kifua kikuu kwa beseni lile, alikatiza dawa mwezi wa pili kati ya miezi sita, akarudi akiwa mifupa.

Hata hivyo sitaki kuitukana tele yote, maana kuna kitu imewapa watu ambacho sisi hatukuwapa. Imewafundisha kuongea na daktari. Zamani mgonjwa wa Goma alikuwa anapokea karatasi ya dawa kama amri ya jeshi. Siku hizi mwanamke asiyejua kusoma ananiuliza: hii ni ya nini? Nikiimeza na ile nyingine? Kuna uchunguzi mwingine? Nilimuuliza mmoja amejifunza wapi, akashangaa swali langu. "Si ndivyo wanafanyaka?" Wanafanyaka kwenye tele: daktari wa kule anaketi ukingoni mwa kitanda na kueleza, na ndugu wa mgonjwa anamkatiza bila woga. Wenzangu wengine wanaudhika. Mimi napenda, hata siku ambazo nimechoka.

Wasichoonyeshwa kule ni dirisha la malipo. Mgonjwa wa filamu anaingia kwa gari la wagonjwa lililofika dakika ile ile, anapita mlango wa kioo, na hakuna mahali anapoulizwa pesa. Hakuna ndugu anayetumwa mbio kununua glavu, sindano na seromu duka la nje. Hakuna sufuria ya chakula kutoka nyumbani. Hakuna mama aliyejifungua salama anayebaki wodini wiki mbili kwa sababu bili haijalipwa. Kwa hiyo watu wetu wanafika wakijua jina la upasuaji wanaoutaka na hawajabeba hata pesa ya kadi. Tangu Januari 2025, mji ulipobadilisha wakubwa na benki zikafunga, pengo hilo limezidi kupanuka, na sina novela ya kunisaidia kulieleza.

Kwetu kituoni kuna tele, imefungiwa juu ukutani kwenye kiboksi cha vyuma. Mkuu wa kituo anataka ichezwe flashi yenye matangazo ya afya. Akina mama wanataka novela. Tuliafikiana, yaani mkuu akisafiri inachezwa novela, nami napita katikati ya mabenchi na kipimo cha presha, nampima kila mtu mzima aliyemleta mtoto kwenye chanjo. Hawakatai, macho yako juu, mkono wanakupa tu.

Mwezi uliopita nilimpima hivyo mama mmoja wa Kituku, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kwenye tele, sikutunga, kuna mtu alikuwa anasoma barua. Kipimo kikasoma 18 na 11, yaani 180 kwa 110. Nikamwacha apumzike, nikarudi kwa mkono wa pili: 18 na 10.

"Mama, uko na tansio."

"Miye?" Akaitazama tele, akanitazama. "Sijapata habari yoyote mubaya leo. Niko tu naangalia."

Nikamweleza kwamba inakaa hivyo, bila habari na bila maumivu, na kwamba tutaipima tena siku nyingine kabla ya kuamua. Akauliza dawa zenyewe zinaitwaje, zinafanya nini mwilini, na akizianza ataacha lini. Halafu akauliza lile ambalo kwenye novela haliulizwi: mwezi mmoja ni pesa ngapi. Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, beseni ngapi za sambaza, akasema ikibidi atanunua za wiki mbili kwanza, zingine baada ya mwezi wa giza, samaki wakiwa wengi. Nilimwandikia arudi Jumatano, maana siku nyingine zote alfajiri yuko ziwani akisubiri wavuvi.